Namba 2,147,483,647: ni tasa kweli, lakini siyo sababu ya kompyuta kukomea hapo

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, Morogoro. Kijana mmoja alitutengenezea programu ya kutunza orodha ya wanachama. Nilipoingiza namba za simu zinazoanza na 255, zote ziligeuka kuwa 2147483647. Watu arobaini na kitu, namba ileile. Nilipomuuliza akasema kompyuta inakomea hapo kwa sababu hiyo ni namba tasa kubwa. Je, ni tasa kweli? Mtu mwenye kikokotoo cha kawaida anaweza kuhakikisha mwenyewe? Na ina sifa gani nyingine?"

Jibu:

Ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na hilo halina ubishi tangu mwaka 1772. Ila kijana wako amefunga kamba moja kwenye ng'ombe wawili. Kompyuta haijali kama namba ni tasa au si tasa. Tuanze na hilo, maana orodha yako inasubiri.

Safu uliyopewa ya kuwekea simu ni ya namba kamili za biti 32, yaani nafasi 32 ambazo kila moja hubeba 0 au 1. Biti moja inatunza alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31 za kubeba thamani. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni ile ambayo biti zote 31 zimewaka: 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hadi 2³⁰. Jumla yake ni 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647. Namba ya simu yenye 255 mbele, tuseme 255700000000, ni kubwa mara 119 kuliko ukomo huo. Baadhi ya programu za hifadhidata, zikipewa namba isiyoingia, hazikatai. Huandika ile kubwa kuliko zote inayoingia na kunyamaza. Ndiyo maana wanachama wako wote wana simu moja. Namba zao halisi hazikufichwa mahali, zimepotea, itabidi uzitoe upya kwenye daftari. Na kabla hujaziingiza, mwambie abadilishe safu iwe ya maandishi, siyo ya namba, kwani simu hatuijumlishi wala hatuizidishi. Hata 0700000000 ikiwekwa kwenye safu ya namba hubaki 700000000, sifuri ya mbele huliwa.

Akiwa hapohapo, muulize na fedha zinatunzwaje. Ikiwa programu inahesabu kwa senti ndani ya biti 32, salio likipita shilingi 21,474,836.47 litaharibika kwa namna mbaya zaidi: badala ya kukomea, hugeuka hasi. 2,147,483,647 ukiongeza 1 unapata −2,147,483,648. Saa za mashine za zamani zina ugonjwa huohuo. Huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa majira ya Afrika Mashariki.

Sasa uthibitisho kwamba utasa hauhusiki. Kwa biti 8 ukomo ni 127, nayo ni tasa. Kwa biti 16 ukomo ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Kwa biti 64 ukomo ni 2⁶³ − 1, nayo inagawanyika hata kwa 7, tena mara mbili. Kwa hiyo katika saizi nne zinazotumika kila siku, mbili zimekomea kwenye namba tasa na mbili hazikukomea. Ukomo unatokana na kujaa kwa biti. Utasa ni habari nyingine, na ndiyo yenye utamu.

Namba za umbo 2ⁿ − 1 hubeba jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Jambo la kwanza la kujua juu yake: kipeo (ile n) kikiwa si tasa, namba yenyewe haiwezi kuwa tasa. Kipeo 15 ni 3 × 5, basi 2¹⁵ − 1 lazima igawanyike kwa 2³ − 1 na kwa 2⁵ − 1, ndizo zile 7 na 31 tulizoziona ndani ya 32,767. Kwa hiyo kipeo lazima kiwe tasa, na 31 ni tasa. Hapo ndipo wengi hukimbilia kufunga hesabu, na ndipo wanapokosea. Kipeo tasa ni sharti, hakitoshi. 2¹¹ − 1 ni 2,047, sawa na 23 × 89. 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47. 2²⁹ − 1 ni 233 × 1,103 × 2,089. Mtaliano Pietro Cataldi alitangaza mwaka 1603 kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinazaa namba tasa. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat akaziangusha ya 23 na ya 37 mwaka 1640, Mswisi Leonhard Euler akaiangusha ya 29 mwaka 1738. Ya 31 tu ndiyo iliyosimama, na Cataldi hakuwa na uthibitisho wake, aliotea.

Kuhakikisha kwa njia ya shule ni hivi: kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340.95, basi kama ina vigawo, kimojawapo hakizidi 46,340. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 4,792. Kugawanya mara 4,792 kwa mkono si kazi ya mtu mwenye shughuli nyingine. Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na macho yameshazima karibu kabisa, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli kwamba inatosha kujaribu vigawo vya aina mbili tu: vinavyobakiza 1 au 63 ukivigawa kwa 248. Kwa zaidi ya miaka 80 baada ya hapo hii ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Chujio hilo linatoka wapi? Chukua namba tasa p, ujifanye kwamba inagawanya 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa p inabakiza 1. Sasa panga vipeo vya 2 na uangalie mabaki yake kwa p: yanaanza 1, 2, 4, 8, yanazunguka, na yanarudi 1 kila baada ya hatua kadhaa. Urefu wa mzunguko huo lazima ugawanye 31, na 31 ikiwa tasa, urefu ni 31 wenyewe (hauwezi kuwa 1, maana 2 haibakizi 1). Fermat alishagundua kwamba baada ya hatua p − 1 mzunguko lazima uwe umerudi kwenye 1. Basi 31 inagawanya p − 1. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa, hivyo 62 inagawanya p − 1. Hilo ni chujio la kwanza: p iko kwenye mlolongo 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea.

Chujio la pili ni la ujanja zaidi. Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo, kwa macho ya p, namba 2 ni mraba kamili. Inajulikana kwamba hilo hutokea tu p ikibakiza 1 au 7 inapogawanywa kwa 8. Changanya machujio mawili: kati ya mabaki 1, 63, 125 na 187 kwa 248, ni 1 na 63 tu yanayopita. Kuanzia hapo hadi 46,340 kuna namba 372 za kujaribu, ukiacha 63 yenyewe ambayo ni 7 × 9. Zile zinazogawanyika kwa 3, 5 au 7 zitoe kwa macho, unabaki na pungufu ya nusu. Namba tasa za mwanzo zinazobaki ni 311, 1,303, 1,489, 2,543 na 2,729.

Sasa kikokotoo. Cha dukani chenye tarakimu 8 hakiwezi hata kuiandika namba yetu, ina tarakimu 10. Usihangaike, huna haja ya kuiandika. Unahitaji baki la 2³¹ tu, nalo linapatikana kwa kupanda ngazi: 2¹⁰, 2²⁰, 2³⁰, 2³¹, na kila hatua unatupa vifungu vya p.

Tujaribu 311. 2¹⁰ ni 1,024. Toa 311 mara tatu, inabaki 91. Kwa 2²⁰, zidisha 91 × 91, unapata 8,281. Humo 311 inaingia mara 26, yaani 8,086, inabaki 195. Kwa 2³⁰, zidisha 195 × 91, unapata 17,745. Toa 57 × 311, yaani 17,727, inabaki 18. Kwa 2³¹, zidisha kwa 2, unapata 36. Toa 1: inabaki 35. Si sifuri, basi 311 si kigawo.

Kwa 1,303, ni rahisi zaidi ukikubali mabaki hasi. 1,024 ni pungufu ya 1,303 kwa 279, iandike −279. Mraba wake ni 77,841, toa 59 × 1,303, inabaki 964, ambayo ni sawa na −339. Zidisha −339 × −279, unapata 94,581. Toa 72 × 1,303, inabaki 765. Zidisha kwa 2 ni 1,530, toa 1,303 ni 227, toa 1 ni 226. Nayo haigawanyi.

Mabaki hasi si pambo. Ukiyatumia, baki halizidi nusu ya kigawo, na kikokotoo cha tarakimu 8 kinatosha mpaka vigawo vya karibu 20,000. Juu ya hapo utazidisha namba kama 23,000 × 23,000, na jibu lina tarakimu 9, tafuta cha tarakimu 10 au 12. Kosa la kawaida ni kugawanya, kisha kuchukua ile sehemu ya desimali na kuizidisha kwa kigawo ili kupata baki. Kikokotoo kimeshakata tarakimu za mwisho, baki linatoka na ncha za ajabu. Soma sehemu nzima tu, izidishe kwa kigawo, kisha toa. Kwa dakika tatu kila kigawo, kazi yote ni kama saa nane na nusu. Inawezekana. Sikushauri.

Kijana wako atasema ataandika programu ya mistari mitano. Aandike, lakini ajihadhari na mtego mmoja, kwa namba hiihii. Programu nyingi za kujaribu vigawo huendelea "maadamu i × i haizidi N", ambapo i ni kigawo kinachojaribiwa na N ni namba yetu. Akitumia biti 32, i ikifika 46,340, mraba wake ni 2,147,395,600, bado ni ndogo kuliko N, kazi inaendelea. Inayofuata ni 46,341, na mraba wake ni 2,147,488,281, umepita ukomo kwa elfu nne na mia sita hivi. Biti zinafurika, na katika lugha nyingi mashine inaona −2,147,479,015. Hasi ni ndogo kuliko N, kwa hiyo programu haisimami. Inazunguka na miraba iliyoharibika badala ya kutangaza kwamba imemaliza. Namba inayotafutiwa uthibitisho ndiyo inayomtega mthibitishaji. Dawa ni kuandika sharti kwa kugawanya: endelea maadamu i haizidi N ÷ i.

Kuna mtego mwingine, huu ni wa waliosoma kidogo nadharia ya namba. Fermat alisema kwamba kama N ni tasa, 2 kwa kipeo cha N − 1 inabakiza 1. Watu huligeuza: inabakiza 1, basi ni tasa. Kwa namba za Mersenne jaribio hilo la 2 halina thamani hata kidogo, kwa sababu zote zenye kipeo tasa hulipita, ziwe tasa au la. Angalia 2,047. 2¹¹ inabakiza 1, na 2,046 ni 11 × 186, basi 2 kwa kipeo cha 2,046 lazima ibakize 1. Na 2,047 ni 23 × 89. Ukitaka jaribio la Fermat liwe na maana hapa, tumia 3 au 7 badala ya 2, na hata hivyo bado si uthibitisho kamili.

Uthibitisho mfupi kuliko wote ni wa Édouard Lucas, Mfaransa wa karne ya 19, ulionyooshwa na Mmarekani D. H. Lehmer mwaka 1930. Anza na 4. Ipige mraba, toa 2, chukua baki kwa N. Rudia. Kwa kipeo 31, baada ya marudio 29 ukipata 0, N ni tasa. Usipopata, si tasa. Hakuna cha labda. Hatua za mwanzo ni 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954. Hadi hapo hatujavuka N. Inayofuata inakuwa na tarakimu 19, na hapo ndipo umbo la biti 31 linapolipa.

Kumbuka jinsi tunavyopima 9: tunajumlisha tarakimu, kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1. Hapa 2³¹ ikigawanywa kwa N inabakiza 1. Kwa hiyo kila fungu la 2³¹ lihesabu kama 1: gawanya kwa 2³¹, chukua idadi ya mafungu, jumlisha na kilichobaki. Tuone. 1,416,317,954 ni sawa na −731,165,693 ukitoa N. Mraba wake, ukitoa 2, ni 534,603,270,620,170,247. Humo kuna mafungu 248,944,047 ya 2³¹, na zinabaki 420,726,791. Jumlisha hizo mbili: 669,670,838. Hilo ndilo baki, bila kugawanya kwa N hata mara moja. Kwa mashine ni rahisi zaidi, maana kugawa kwa 2³¹ ni kukata biti tu: za juu huku, za chini kule. Namba ya Mersenne yenye mamilioni ya tarakimu hupimwa kwa njia hiihii, ndiyo maana namba tasa kubwa zinazotangazwa kila baada ya miaka kadhaa huwa karibu zote ni za umbo hili.

Ukifanya marudio yote, una njia ya kujikagua kabla ya hatua ya mwisho. Ili upate 0 mwishoni, mraba wa namba iliyotangulia lazima ubakize 2. Tumeshaiona namba ya namna hiyo: 2¹⁶, yaani 65,536. Basi marudio ya 28 lazima yawe 65,536 au hasi yake, hakuna ya tatu. Ukiona kitu kingine hapo, rudi nyuma, umekosea kuzidisha.

Sifa nyingine zipo, na nyingi zinatoka kwa jirani wa kushoto. 2,147,483,646 ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ndiyo maana ukigawanya namba yetu kwa 3, 7, 9, 11 au 31, kila mara inabaki 1, jambo ambalo humshtua anayeanza. Unaweza kulikagua sasa hivi kwa 9: tarakimu zake zikijumlishwa ni 46, 4 + 6 ni 10, 1 + 0 ni 1.

Kwa sababu jirani huyo anavunjika vizuri hivyo, ni rahisi pia kupata namba ambayo vipeo vyake hupitia mabaki yote, kuanzia 1 hadi N − 1, bila kuruka hata moja. Ndogo kuliko zote ni 7. Mwaka 1988 Park na Miller, huko Marekani, walipendekeza mashine ya kubahatisha namba inayotegemea jambo hili: chukua namba uliyonayo, izidishe kwa 16,807, ambayo ni 7⁵, chukua baki kwa N. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Mzunguko haurudi mwanzo mpaka uishe urefu wa 2,147,483,646. Ukianza na 0 utabaki na 0 milele, kosa ambalo limewaumbua wengi. Na usiitumie kwa nywila wala bahati nasibu ya fedha: mwenye kuona namba moja anajua zote zinazofuata.

Kisha kuna namba timilifu, yaani inayolingana na jumla ya vigawo vyake ukiiacha yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Tangu Euklides, Mgiriki wa kale, inajulikana kwamba kila namba tasa ya Mersenne huzaa moja. Yetu inazaa 2³⁰ × (2³¹ − 1), sawa na 2,305,843,008,139,952,128, ya nane katika orodha. Sababu ni nyepesi: vigawo vya 2³⁰ vikijumlishwa vinakuwa 2³¹ − 1, na vigawo vya namba tasa ni 1 na yenyewe, jumla 2³¹. Zidisha jumla hizo mbili, unapata mara mbili ya namba uliyoanza nayo, na nusu moja ya hiyo ni yenyewe.

Mengine kwa haraka. Katika safu ya namba tasa, kuanzia 2, hii ni ya 105,097,565. Tasa iliyo kabla yake ni 2,147,483,629, ya baada yake ni 2,147,483,659. Haina pacha, maana ukitoa 2 unapata namba inayoishia na 5, na ukijumlisha 2 unapata 3 × 715,827,883. Ikigawanywa kwa 8 inabakiza 7, kwa hiyo huwezi kuiandika kama jumla ya miraba miwili wala mitatu ya namba kamili, ni minne. Ukiizidisha kwa 2 na kujumlisha 1 unapata 4,294,967,295, sawa na 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, hivyo haimo katika kundi la Sophie Germain, yaani la tasa ambazo hesabu hiyo huzaa tasa nyingine.

Watu huuliza pia: kama 5 ni tasa, 2⁵ − 1 ni tasa, na 2³¹ − 1 ni tasa, je, ukipanda tena? Yaani 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, huwezi kuichapa. Lakini chujio la Euler linafanya kazi hata huko: kila kigawo tasa chake lazima kiwe kifungu kamili cha 4,294,967,294, kisha ongeza 1. Kimojawapo kati ya vinavyojulikana ni 295,257,526,626,031. Hakiki mwenyewe kwa kikokotoo cha simu kwamba kina umbo hilo: toa 1, gawanya kwa 4,294,967,294, utapata 68,745 bila baki. Ngazi inakatikia hapo.